Mikanda ya bizimu badala ya mpira wa tyubu: uzoefu wangu wa kufunga mizigo ya kambi kwenye pikipiki

Ukiwa Tanga na una pikipiki ya safari ndefu, pa kwenda kulala na hema hapakosekani. Kusini kuna Pangani, unavuka mto mpaka Bweni, unaendelea hadi ufukwe wa Ushongo. Muheza kuna Magoroto na Amani. Mwenye pumzi zaidi anakwenda Mombo na kupanda Lushoto. Njia hizo zote nazipenda, na zote zinauliza swali moja: mzigo wako umefungwaje? Hema, godoro la kukunja, jiko, sufuria, maji na nguo vinakaa nyuma ya mgongo wako ambako huvioni, halafu mbele kuna rasta za barabarani, matuta, mashimo na vumbi.

Mikanda ninayoizungumzia ni ya poliesta, upana wa milimita 25, haina kulabu hata moja. Ncha moja ina kitanzi kilichoshonwa. Kati kuna bizimu la chuma lenye meno yanayosukumwa na springi: unapitisha mkanda, unavuta kwa mkono, meno yanauma na hayaachii mpaka ubonyeze kwa kidole gumba. Usiichanganye na ile mikanda ya malori yenye mkono wa kukazia. Ile ina nguvu kupita mahitaji yetu, ukijisahau kidogo unapinda keria au unaponda begi pamoja na vilivyomo. Nguvu ya mkono wa mtu inatosha kabisa kubana hema.

Pikipiki yangu ni Suzuki V-Strom 650, na kabla ya mikanda hii nilitumia kile tunachotumia wote, mpira wa tyubu. Sitaudharau. Bodaboda wa Tanga wanabeba nao magunia ya mkaa, kreti za soda na hata milango, na mizigo inafika. Lakini ukiwatazama wanavyofanya kazi utaona wanauzungusha mara nyingi, wanakwenda umbali mfupi, na wakisimama wanaukaza tena. Safari ya kambi ni kitu kingine. Mpira kazi yake ni kuvutika. Tairi la nyuma likipiga tuta, mzigo unaruka, mpira unaufuata, kisha unaurudisha chini, lakini si palepale ulipokuwa. Unarudi ukiwa umesogea upana wa ukucha. Rasta zikija mfululizo, kucha hizo zinajumlishwa, na hema nalo ni laini, linajikunja na kupungua unene kadiri safari inavyoendelea. Ndipo unakuta begi limeegemea upande wa bomba la moshi. Zile kamba za mpira zenye kulabu dukani ndizo ninazoziogopa zaidi. Kulabu ikichomoka wakati umeivuta, inarudi kwa kasi kuelekea uso wako, na jicho halina spea.

Poliesta haivutiki namna hiyo. Hata nailoni, ambayo wengi wanadhani ni kitu kilekile, inanyooka zaidi, na ikilowa inalegea. Kwa hiyo ukinunua uliza vizuri ni ipi. Mkanda usiovutika unaufanya mzigo kuwa sehemu ya pikipiki, na hilo unalisikia kwenye usukani kabla hujaliona kwa macho.

Nililisikia kwenye barabara ya Muheza kwenda Amani. Ukishapita Sigi unaanza kupanda ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, kona juu ya kona, udongo mwekundu, mawe, na mvua ikinyesha matope yanateleza kwelikweli. Mlimani uzito wote unarudi nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Mzigo ukitikisika kwa wakati huo, usukani nao unatikisika, na kona za kule hazina nafasi ya kurekebisha. Nikiwa na mikanda hii nilipanda nikiwaza barabara tu. Kijana mmoja wa bodaboda niliyemkuta Amani alilishika begi akalisukuma kwa mikono miwili, likagoma. "Kaka, hili umelichomelea?" Nikamwonyesha bizimu. Alilibonyeza na kuliachia mara kadhaa, akauliza bei, akacheka, akasema atasubiri.

Sasa, mkanda mzuri hauokoi ufungaji mbaya, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie nami. Vitu vizito vikae chini na mbele kadiri inavyowezekana. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 5 ukiziweka juu ya keria, nyuma ya ekseli, umejitafutia kazi. Maji, jiko na vyombo mimi naviweka kwenye mabegi ya pembeni. Begi kubwa la hema linalala kwa upana kwenye siti ya abiria, likiegemea mgongo wangu, na keria nyuma yake inabaki kwa kitu chepesi kama mfuko wa kulalia.

Halafu vitanzi. Nazungusha kitanzi kwenye chuma cha fremu au mguu wa keria, napitisha mkanda ndani yake, navuta. Kamwe si kwenye plastiki, wala kwenye shina la taa ya indiketa. Nafunga sehemu nne, mbili kushoto na mbili kulia, na mikanda inapishana juu ya begi kwa alama ya X ili mmoja ukizuia mzigo kwenda mbele, mwingine uuzuie kurudi nyuma. Mkanda unaopita hewani nausokota mara moja kabla ya kukaza, maana ukikaa bapa upepo unaupigisha na unalia njia nzima.

Kubwa kuliko yote ni ncha zinazobaki. Ncha ndefu ikining'inia inatafuta cheni au spoku, na ikishikwa huko gurudumu linaweza kukwama ukiwa kwenye mwendo. Mimi naikunja na kuivisha pete niliyokata kwenye tyubu kuukuu. Kwa kazi hiyo mpira hauna mpinzani. Kisha baada ya kilomita chache za mwanzo nasimama, mara nyingi kabla sijamaliza mji, na kukaza upya, kwa sababu mzigo wowote laini unajipanga mwenyewe ukitikiswa.

Najua mtu wa kwetu atauliza, kwa nini si kamba ya katani? Mkonge wenyewe uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mkoa mzima ukasimama juu yake. Kamba ya katani naipenda, haivutiki ovyo na fundo lake linashika. Shida ni maji. Ikilowa inavimba na kufupika, fundo linagoma kufunguka. Ikikauka inalegea. Na nyuzi zake zinakwangua begi la turubai hadi linatoboka. Kwa kuanika nguo kambini, ndiyo naibeba.

Mikanda hii ina kasoro zake. Hewa ya chumvi haipendi bizimu lake: baada ya kulala Ushongo mara kadhaa, springi zilianza kuota kutu. Sasa nikirudi naosha kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka mafuta kidogo. Mchanga ukiingia kwenye meno bizimu halibonyezeki mpaka uligonge. Nyuma ya bizimu hakuna kipande cha kitambaa cha kukinga, kwa hiyo chuma kinasugua begi, na nimelazimika kuweka kiraka mwenyewe. Joto pia. Bomba la moshi la pikipiki yangu liko upande wa kulia, na poliesta ikiligusa inayeyuka, hivyo upande huo mkanda lazima upite mbali. Na ukitaka kuchomeka koti la mvua haraka juu ya mzigo, mkanda hauna nafasi. Hapo bado natumia kipande cha tyubu.

Bei ni mara nyingi ya ile ya mpira, sikatai. Lakini mpira unaokaa juani unapasuka na kutupwa, na mikanda hii bado ina nguvu ingawa rangi imefifia. Poliesta nayo jua linaila polepole, kwa hiyo kila safari napitisha vidole kwenye mshono wa kitanzi. Ukiona nyuzi zimeanza kuchomoka hapo, badilisha huo mkanda hata kama uliobaki ni mzima.

Kwa anayekwenda kununua: chukua minne, usichukue miwili. Urefu wa mita 2 unatosha kwa begi la hema la watu wawili, zaidi ya hapo unabeba ncha tu. Hesabu mistari ya mshono kwenye kitanzi, mmoja hautoshi. Vuta bizimu mbele ya muuzaji kwa nguvu zako zote, na kama mkanda unateleza hata kidogo ukiwa mkavu, mrudishie.