Mwaka wangu na bendi za Kampala zinazopiga nyimba zao wenyewe

Nauza vitambaa katikati ya jiji, na Kiswahili nimelelewa nacho kule Busia. Kwa hiyo Alhamisi ile ya kwanza, katika bustani ya mgahawa mmoja upande wa Bukoto, nilipomsikia mpiga besi akimwambia mwenzake kwa Kiswahili "punguza kidogo, adungu haisikiki", yaani kile kinubi cha asili walichokuwa nacho, nilivuta kiti karibu na jukwaa. Watu hatukuzidi sitini. Nilikuwa nimelipa shilingi 30,000 mlangoni. Waliolipa mapema kwa simu walitoa 20,000. Tangu siku hiyo sijapitisha miezi miwili bila kwenda kusikiliza bendi ya laivu, na nikiulizwa nitoe nyota ngapi, natoa nne kati ya tano.

Nianze na kilichonifanya nirudi. Kijana wa adungu aliketi kwenye stuli, akaipakata ala mapajani. Kabla ya kila wimbo alizungusha vigingi kimoja kimoja, ameinama, sikio limekaribia ngozi ya ala. Nyuzi ni za nailoni, kama ile ya mishipi ya wavuvi. Adungu ni kinubi cha Waalur, watu wa Nebbi na Pakwach kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, na mimi nilikuwa nimezoea kuiona kwenye ngoma za shule tu, inapigwa na watoto waliovaa sare. Pale ilikuwa katikati ya gitaa, dramu na kinanda, inaongoza wimbo, na wenzake wote wanaifuata. Wimbo wa tatu walinyamaza ghafla wakamwachia peke yake. Mhudumu alisimama na trei mkononi hadi kijana alipomaliza.

Mapumziko yalipofika nikamsalimia yule mpiga besi. Ni Mkongomani, amekulia Makindye, na Kiswahili chake kina ladha ya Bukavu. Nikamuuliza kwa nini bendi nzuri hivi inapiga mbele ya watu sitini.

"Dada yangu, harusini tunapiga kopi usiku kucha na pesa inakuja. Hapa tunapiga zetu."

Akanieleza hesabu. Mitambo ya sauti ni ya kukodi, na hiyo hulipwa kwanza. Mwenye ukumbi anachukua mauzo ya vinywaji. Kinachobaki mlangoni wanagawana watu sita, fundi mitambo akiwa mmojawao, na wiki tatu za mazoezi hazilipwi na mtu. Kuna usiku wanarudi na nauli tu. Tangu anieleze hayo, sijaomba tena kuingia bure kwa sababu namfahamu mtu. Hata rafiki zangu nawaambia: kama unawapenda, lipa mlangoni.

Nyota niliyoinyima ni ya saa na sauti. Katika ukumbi mmoja, ambao sitautaja, bango liliandikwa saa moja jioni na wimbo wa kwanza ukaanza saa nne kasorobo. Nafungua duka saa moja asubuhi, na wengi tuliokuwa pale ni watu wa kazi. Kisha adungu ikawekewa kipaza sauti kimoja cha kusimama. Ngozi ile inapokea sauti ya spika za jukwaani na kuirudisha, basi kila mara ukasikika mlio wa kutoboa masikio. Fundi akashusha sauti ya adungu mpaka ikapotea kabisa chini ya dramu. Yule kijana alipiga wimbo mzima na hatukusikia hata uzi mmoja. Iliniuma sana kumtazama. Dawa yake ipo na si ya gharama kubwa: kinasa sauti kidogo kinachobandikwa kwenye mwili wa ala, na spika za jukwaani zigeuzwe zisiielekee. Bendi ya Bukoto walikuwa nacho, na tofauti niliisikia kwa masikio yangu.

Kama hujawahi kwenda na hujui uanzie wapi, tafuta Janzi Band. Kiongozi wao, Ssewa Ssewa, ameibuni mwenyewe ala ya janzi, akianzia kwenye adungu. Giovanni Kiyingi anapiga ala nyingi za asili, na Kenneth Mugabi anaimba Kiluganda kwa sauti ya upole inayohitaji ukumbi mtulivu, usikae karibu na baa. Anayependa ngoma nzito awafuate Nilotika, wapiga ngoma wa Kiganda ambao baadhi yao waliungana na Waingereza mwaka 2017 wakaunda Nihiloxica. Matangazo ya shoo huwa yanatoka siku chache tu kabla, kwenye kurasa za bendi zenyewe na kwenye status za WhatsApp. Hifadhi namba ya mwanabendi mmoja, utapata habari mapema kuliko kusubiri bango barabarani.

Matamasha makubwa kama Nyege Nyege, lililoanzia Jinja mwaka 2015, nayapenda pia, lakini kule msanii unamwona kwa mbali na nauli na malazi vinamaliza mtaji wa duka.

Wakubwa zetu watakumbuka Jumatatu za National Theatre, wanamuziki walipokuwa wanakutana kupiga pamoja na yeyote anapanda jukwaani. Nilipelekwa pale na kaka yangu nikiwa msichana. Tena tunao Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, na Moses Matovu na saksafoni yake. Wamepita kwenye vita, wamepita na kwenye korona, ambapo shoo zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Kipindi hicho nilimjua mpiga dramu mmoja aliyeuza dramu zake ili alipe kodi ya nyumba. Mwaka jana nikamwona tena, anapiga dramu za kuazima, anatabasamu wakati wote.

Bendi ya Bukoto wanapiga tena mwisho wa mwezi. Nimeshalipa tiketi mbili kwa simu, moja ni ya mama yangu. Anatoka Busia kwa basi la asubuhi, na ameshaniuliza mara mbili kama atapata kiti cha mbele karibu na yule kijana wa adungu.