Kozi ya CCNA Kariakoo: ada nililipa mara moja, mtihani mara mbili

Miaka mitatu nilikaa nyuma ya mashine ya fotokopi Mwenge, kwenye steshenari ya shangazi. Printa ikigoma, naitwa mimi. Intaneti ikikata, mimi. Kompyuta nne za kuchapia zisipoonana, mimi tena, natambaa chini ya meza kutafuta waya uliochomoka. Siku moja mteja wetu, fundi wa kamera za ulinzi, akaniambia, "Dada, hii kazi unayoifanya bure wenzio wanalipwa. Kasome CCNA." Nilidhani anazungumzia kile kituo cha habari cha Marekani. Kumbe ni cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta.

Chuo nilichokiangukia kipo Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge. Jina naliacha, maana mwalimu wangu bado anakula pale na sina ugomvi naye. Ada laki sita na nusu, miezi mitatu, Jumamosi na Jumapili. Kilichonivuta ni bango la mlangoni: "Pata cheti cha CCNA." Sasa sikiliza. Cheti wanachotoa wao ni cha kuhudhuria tu, kina fremu ya dhahabu na mhuri, kinapendeza ukutani. CCNA yenyewe wanaitoa Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao, baada ya kufaulu mtihani namba 200-301 kwenye kituo cha Pearson VUE, wanaosimamia mitihani, na mtihani huo ni dola 300, nje ya ada. Hayo niliambiwa wiki ya saba. Nilipouliza mbona hawakusema mapema, dada wa mapokezi akanijibu kwa upole, "Hukuuliza, mpenzi."

Haki yao niwape kwanza. Mwalimu anajua kufundisha. Somo la kugawa anwani za mtandao, linalotoa watu machozi, alilifundisha kwa mkate wa boflo. Mtandao wa /24 ni boflo lenye slesi 256, yaani anwani 256. Ukiandika /26 umelikata mapande manne, kila pande slesi 64. Halafu kila pande lina ncha mbili ngumu ambazo hazigawiwi mtu: ya mwanzo ni jina la pande lenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote. Zinabaki 62 za kula. Mpaka leo nikiona /27 nasikia njaa, lakini nakujibu 30 kabla hujamaliza kuuliza.

Tatizo ni maabara. Tulikuwa wanafunzi 14 na swichi tatu, vile visanduku vya kuunganisha kompyuta kwa waya, inayowaka moja. Aliyewahi alikaa mbele ya kibodi, sisi wengine tukawa watazamaji wa mpira. Kwa miezi mitatu nzima vidole vyangu viligusa ile swichi kama dakika 40, na kati ya hizo kumi ziliishia kwenye kukatika umeme.

Na slaidi zilikuwa za zamani. Hili sikulijua hadi limeshaniumiza. Februari 2020 Cisco walibadilisha mtihani mzima, na mada za kuelekeza njia zikapunguzwa. Siku hizi wanataka OSPF, mojawapo ya kanuni za kuelekeza data njia ya kupita. Sisi tulikaa wikiendi mbili tukihangaika na EIGRP, kanuni nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo haimo tena kwenye orodha ya mada, na OSPF ikapitiwa Jumapili moja jioni watu wakiangalia saa ya daladala. JSON, namna ya kuandika data ili programu zisomane, na mambo ya kuendesha mitandao kwa programu, ambayo ni asilimia 10 ya mtihani, hatukuyasikia kabisa.

Nikaenda hivyohivyo. Dakika 120, na ukishabonyeza kwenda swali linalofuata hakuna kurudi nyuma. Mimi ni mtu wa kurukaruka maswali, mazoea ya shule. Nilifeli. Karatasi ya matokeo inakuonyesha asilimia kwa kila eneo, na nilipoanguka vibaya ni pale panapobeba asilimia 25, namna ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, inavyochagua njia. Yaani palepale tulipopita tukikimbia. Dola 300 kwa kiwango cha siku ile zilikuwa karibu laki nane, na laki nane hizo zilitoka kwenye kikoba. Nilishuka ngazi za kile kituo nikapanda daladala la Mbagala badala ya la Mwenge.

Cisco wanakutaka usubiri siku tano kabla ya kurudia. Mimi nilisubiri miezi minne, kwa sababu ya hela, na ndiyo miezi niliyosoma kweli. Packet Tracer ni programu ya bure. Unafungua akaunti kwenye Networking Academy ya Cisco unaipakua. Unajenga ruta na swichi kwenye skrini, unazichomeka, unazivuruga, hakuna anayekununia. Niliiweka kwenye kompyuta ya steshenari, na shangazi akishafunga mahesabu nabaki nayo hadi saa nne usiku. Video nilifuata za Jeremy's IT Lab kule YouTube, kozi nzima bila malipo, kila somo lina zoezi lake la Packet Tracer. Bando ndilo lililokuwa ada yangu. Kwanza nilipakua orodha ya mada kwenye tovuti ya Cisco nikaibandika ukutani, nikawa nakata moja moja kwa kalamu nyekundu. Ile orodha ni bure na iko wazi. Ningekuwa nayo siku ya kwanza pale Kariakoo, ningeilinganisha na slaidi zao kabla sijatoa hata shilingi.

Wenzangu wawili walinunua majibu ya mtihani kwenye kundi la WhatsApp. Sitaki kuwahukumu, ila wajue Cisco wakikubaini wanakunyang'anya cheti na kukufungia mitihani yao.

Mara ya pili nilifaulu. Cheti kinadumu miaka mitatu.

Kazi ya kwanza haikuwa na ruta hata moja. Yule fundi wa kamera alinichukua kumsaidia kuvuta kebo kwenye nyumba ya ghorofa Tegeta, na hapo nikajifunza wimbo wa rangi za nyaya nane za ndani ya kebo, ambao chuo hakikunifundisha: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea mpangilio kabla ya kubana kichwa cha kebo, unakata unaanza upya, na kichwa kinalipwa mfukoni mwako. Sasa niko dawati la msaada wa TEHAMA kwenye kampuni ya mizigo, Barabara ya Nyerere. Kwenye usaili waliniuliza swali moja la maana: mfanyakazi hana intaneti, jirani yake anayo, unaanza wapi? Nikasema naanza chini ya meza, kwenye waya. Ukiwa mzima naangalia anwani ya kompyuta. Ikianza na 169.254 najua haikupewa anwani na DHCP, huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, ikajipa yenyewe. Wakacheka kwa lile la meza. Fremu ya dhahabu nilikuwa nayo kwenye begi, hakuna aliyeiomba.

Kwa hiyo chuo nakipa nyota mbili kati ya tano: moja ya mwalimu, moja ya boflo. Ukienda, uliza ada ina mtihani ndani au haina, uliza swichi ngapi zinawaka, na omba kuziona zikiwaka. Packet Tracer nyota tano, ingawa kwenye kompyuta chakavu inajikokota.

Wiki iliyopita dada wa mapokezi amenipigia. Wanatengeneza bango jipya, wanaomba picha yangu, mhitimu aliyefanikiwa. Nikamwambia picha ipo, tena nzuri, bei yake dola 300. Akasema atamuuliza mkurugenzi.