Programu ya mauzo niliyouziwa: nilitaka kuwapa nyota tatu, sasa moja, tena nyingi

Jamani hili lazima niliseme maana limenikaa rohoni. Kuna jamaa wanauza programu ya mauzo ya duka, imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, jina nalihifadhi, nikamfungia mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ikaenda freshi tu. Juzijuzi mama mwenye duka ananipigia, "Mwanangu, mbona risiti za benki hazina makato?"

Nikafungua faili la risiti, yaani sikuamini. Malipo yakiwa keshi, variabo $makato, kile kisanduku cha kuwekea makato, ni 0, yakiwa ya simu inapigiwa hesabu, basi, imeishia hapo, else, ile sehemu ya njia nyingine zote, hamna! Halafu huko chini $jumla = $bei + $makato. Sasa mtu akilipa kwa benki hiyo $makato inatoka wapi wakati hakuna aliyeiumba? Na PHP haisimami, inaichukulia null, yaani tupu, ukijumlisha inakuwa sifuri, risiti inatoka safi kabisa huku hela ya mama inapotea. Tangu PHP 8.0 ya mwaka 2020 hiyo ni woning (onyo), sio notisi (taarifa ndogo tu) kama zamani, ila hawa wameweka error_reporting(0), amri ya kunyamazisha makosa yote, juu kabisa ya faili, mtoto analia wao wanamziba mdomo.

Nawapigia sapoti, kijana ananijibu, "Kaka, wateja wengine hawalalamiki, labda hujui kutumia." Hujui kutumia! Nimemtumia skrinshoti, kasoma, kimya.

Haki yao niwape, upande wa stoo umetulia na bei haiumi, ndo maana nilifikiria nyota tatu. Ila nikapitisha PHPStan, programu ya kukagua makosa kwenye PHP bila kuiendesha, levo 1, ile inayokamata variabo ambazo huenda hazijawekwa thamani, PHPStan mbarikiwe sana, ikanionyesha ugonjwa uleule kwenye punguzo na kwenye madeni.

Baadaye wakatuma apdeti, nikafurahi, kufungua wameandika $makato = 0; juu ya if. Hapo ndo nimechoka kabisa! Si ndo sifuri ileile, sasa hata woning haitakuwepo na PHPStan haitaona kitu! Nimeifuta, nimeandika match mwenyewe, ile ya PHP inayolinganisha thamani na orodha, njia ya malipo isiyojulikana ikija inarusha kosa la UnhandledMatchError na risiti haitoki. Mama anataka tofauti ya hela zake, na wale simu hawapokei tena.