Ulinzi wa folda wa Microsoft Defender kwenye saiba yangu: uzoefu wangu

Nina saiba Roysambu, Nairobi, kando ya Thika Road. Kutwa nzima watu huingia na flashi zenye CV, vyeti vya shule na barua za kuomba kazi, na flashi hizo huwa zimepitia saiba nyingi kabla ya kufika kwangu. Wenzangu wengi hutegemea antivirusi ya kununua au ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli lake ili itumike bila kulipiwa. Mimi natumia Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows bila malipo, na ninachotaka kueleza hapa ni sehemu yake ambayo mafundi wengi hawaigusi: ulinzi wa folda dhidi ya ransomwea, yaani virusi vinavyofunga faili zako kisha kukudai pesa ili zifunguliwe.

Niliuwasha baada ya kuona yaliyompata jirani mwenye duka la kuchapisha. Fundi alimwekea programu za ofisi kwa kraki iliyodai antivirusi izimwe kwanza. Kulipokucha kila faili ilikuwa imeongezewa mkia mgeni kwenye jina lake na haikufunguka tena. Folda zilikuwa na ujumbe uitwao _readme.txt: lipa dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Hiyo ni alama ya ukoo wa virusi uitwao STOP, au Djvu, ambao husambaa hasa kupitia kraki za namna hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua baadhi ya faili hizo, lakini zilizofungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva ya wahalifu wakati wa shambulio kwa kawaida haziwezi kusaidiwa nayo. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, hesabu za chama za wateja wake, zote zilipotea. Iliniuma sana, maana nusu ya wateja wale ni wangu pia.

Kuuwasha ni rahisi. Fungua Windows Security, ingia kwenye sehemu ya virusi, teremka hadi ulinzi dhidi ya ransomwea, kisha washa swichi. Kuanzia hapo programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha wala kufuta kitu ndani ya folda za nyaraka, picha, video na muziki. Kazi za wateja naziweka kwenye diski D, kwa hiyo ilinibidi kuiongeza mwenyewe. Jueni pia kwamba ukiweka antivirusi nyingine ikashika usukani, ulinzi huu haufanyi kazi.

Mwanzoni unasumbua. Programu ndogo ya kupanga picha za pasipoti ilizuiwa kuhifadhi, na ya skana vilevile. Arifa hutokea pembeni mwa skrini, nawe unairuhusu programu hiyo mojamoja. Kijana anayenisaidia nimempa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, asije mteja mwenye haraka akamshawishi azime kila kitu.

Masasisho siyazimi, ingawa najua saiba nyingi huyazima kuokoa bando. WannaCry, ransomwea iliyopenya kupitia pengo la Windows, ilipozuka tarehe 12 Mei 2017 na kuenea katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikakwama, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha pengo lile tangu mwezi Machi. Bando la kupakua kiraka ni bei nafuu mno ukilinganisha.

Kuna jambo ambalo ulinzi huu hauwezi kulifanya: hauzuii faili kusomwa. Tangu mwishoni mwa 2019 magenge mengi huiba nakala kwanza, kisha hutishia kuzianika. Saiba imejaa nakala za vitambulisho na namba za PIN za KRA, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Kwa hiyo mteja akishalipa na kuondoka na karatasi zake, vitambulisho vyake navifuta siku hiyohiyo.

Kazi za kudumu nazinakili kila jioni kwenye diski ya nje, halafu naichomoa. Kuichomoa ndiko kunakoniwezesha kulala. Virusi vya ransomwea hufunga kila diski vinavyoikuta imeunganishwa. Juni 2017, virusi vya NotPetya vilipoiangusha kampuni ya meli ya Maersk, seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa za mtandao wake zilifutwa dunia nzima isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea huko na mashine ikawa nje ya mtandao. Kampuni kubwa kiasi hicho ilijengwa upya kutokana na seva hiyo. Hakuna swichi ya Defender inayoweza kukupa kinga ya namna hiyo, na diski ya nje ndiyo kitu pekee nilichonunua katika mpango huu wote.

Naupa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu kompyuta hutoka dukani swichi hii ikiwa imezimwa, na mtu anayenunua mashine ya mitumba pale barabara ya Luthuli mjini kwa ajili ya masomo ya mwanawe hana wa kumwambia kwamba ipo.