TAHADHARI: Muuzaji wa kamera zilizotumika anayewaficha kasoro wateja wa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu wapiga picha wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, natoa tahadhari kuhusu muuzaji wa kamera zilizotumika aliyeko Dar es Salaam, ambaye hutangaza mtandaoni, hupokea malipo yote kwa simu, kisha hutuma mzigo kwa basi. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yangu yako polisi, lakini namna yake ya kuuza inatosha kumtambulisha.

Aliniuzia Nikon D750 pamoja na lenzi kwa maelezo kwamba vimetumika kidogo na havina tatizo lolote. Nilipokagua taarifa zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha ya kwanza niliyopiga, nilikuta shata, yaani pazia la ndani ya kamera linalofunguka kila picha inapopigwa, imeshafyatuka zaidi ya mara 200,000, ilhali Nikon wenyewe waliipima shata ya kamera hiyo kwa mara 150,000. Vioo vya ndani vya lenzi vilikuwa vimetandwa na fangasi kama utando wa buibui. Nilipompigia simu, alijibu kwamba sikumuuliza.

Jibu hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Mteja aliye Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka dukani, hana macho mengine ila maneno ya muuzaji, na anayeijua kasoro akaikalia kimya amedanganya sawa na aliyetamka uongo. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tena wengi wetu tunaishi kwa harusi na mahafali. Shata ikigoma wakati maharusi wanavishana pete, tukio hilo halirudiwi.

Picha zake zote huonyesha lenzi ikiwa na kifuniko, na ukimwomba video husema kuna mteja mwingine yuko njiani. Usilipe kabla hajakutumia picha iliyopigwa na kamera hiyohiyo, tena aitume WhatsApp kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na taarifa zake hupotea. Kwa Nikon nyingi idadi ya mara shata ilizofyatuka imo katika taarifa hizo. Kwa Canon nyingi haimo, hivyo muuzaji aisome kwa programu ya kompyuta na akuonyeshe. Kuhusu lenzi, dai video yenye vifuniko vyote viwili vimetolewa na tochi ikimulika kutoka nyuma. Fangasi hustawi penye joto na unyevu, na hata fundi akiwasafisha, wakishakula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo alama hubaki.

Amekwisha kuniahidi nusu ya fedha kwa sharti kwamba ninyamaze, nami nimekataa. Aliyeuziwa naye kwa namna hii ahifadhi ujumbe wote, muamala wa malipo na risiti ya mzigo ya basi, kisha afungue malalamiko katika kituo cha polisi kilicho karibu naye.