TAHADHARI: "Fundi wa chokaa" anayezunguka Mji Mkongwe

Jamani, someni mpaka mwisho, na mwenye jamaa anayenunua nyumba ya zamani amrushie. Nina hasira hata mikono inatetemeka. Nyumba yetu ya Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, mnaijua na tulivyoipata mnajua, sirudii.

Alikuja baada ya laasiri, kofia ya kiua kichwani, kinyundo mkononi. Hakutaja bei. Akaanza kugonga ukuta, ko ko ko, ananyamaza, anasikiliza kama daktari. "Dada'ngu, hapa walikupigia saruji. Nyumba ya mawe na chokaa ukiifunga kwa saruji, unyevu haupati pa kutokea, chumvi inasukuma, plasta inabanduka." Akabandua kipande kwa ukucha, unga mweupe ukamwagika, akaniwekea kiganjani. "Onja." Nikaonja. Chumvi tupu! Kisha akainua macho kwenye boriti, akasema vichwa vyake vimeoza ndani ya ukuta kwa maji ya mfereji wa paa. "Au unasubiri yale ya Beit al-Ajaib?" Mnakumbuka Disemba 2020, jumba lile liliporomoka na watu wawili walikufa pale. Usiku ule sikulala, kila kitu kikilia juu nasema ndiyo inashuka.

Sasa niambieni, nani asingemwamini? Kaletwa na shemeji. Na alilolisema lote lilikuwa kweli, hapo ndipo aliponimaliza! Anajua vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Anajua chokaa lazima irowekwe wiki nyingi kabla ya kazi. Nikampa milioni nne na nusu, taslimu, ya chokaa na boriti za Rufiji.

Akashusha mapipa. Akafunua moja mbele yangu, akanishika mkono akautumbukiza ndani: laini, nyeupe, baridi. Nikachukua video nikawatumia, na wengine mlinipongeza, msijifanye hamkumbuki. Kumbe nilichoshika ni vidole vinne vya chokaa, chini yake mchanga wa pwani. Mchanga wa pwani, wallahi, kwenye nyumba inayougua chumvi! Ukutani kapiga saruji ile ile, juu kapaka chokaa nyepesi. Boriti "mpya" ni zile zile za zamani, vichwa vilivyooza kaviziba kwa saruji na mwili kaupaka oili chafu ya gari zing'ae.

Masika hayajaisha, plasta ikaanza kuvimba. Nikamwita mzee mmoja, fundi wa kweli. Alichoma bisibisi kwenye kichwa cha boriti, ikazama mpaka mpini. Hakusema neno, alinitazama tu.

Simu ya yule bwana haipatikani. Shemeji ananiambia nisubiri. Nisubiri nini, dari initue kichwani? Huyu arudishe pesa, awekwe ndani, na kabla hajawekwa atembezwe Darajani mchana na pipa lake kichwani, kila aliyemwibia amwone. Kuna watu wamelala chini ya boriti alizozipaka oili. Huo si wizi tu, ni kutaka kuua. Jina silitaji hapa, sheha ana maelezo yote na polisi wana namba yake.

Dalili, maana najua mtaniuliza. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kila nikiuliza "kinakuja". Risiti ya vifaa hakuna. Wakati wa kuchanganya hataki mtu karibu, eti chokaa inaunguza macho (inaunguza kweli, mwongo huyu hata uongo wake una ukweli ndani). Kazi zake zote ni picha za kwenye simu, hakuna mlango hata mmoja alionipeleka nikabisha hodi. Na plasta ilikuwa ngumu asubuhi ya pili. Chokaa haina haraka hiyo.

Mnaonunua sasa, chomeni vichwa vya boriti kabla hamjatoa shilingi, hasa upande wa mifereji. Muuzaji akikasirika, ondokeni.

Nimesikia yuko Shangani, kapata nyumba nyingine na mapipa ameshashusha. Aliye karibu nao awaambie leo leo, kabla hawajalipa.