Mkufunzi wa Mbwa Aliyetujia Nyumbani Muyeye: Tathmini Baada ya Mafunzo ya Wiki Nne

Mbwa wetu, Askari, tulimleta nyumbani kwetu Muyeye, hapa Malindi, mwezi wa Disemba, akiwa na umri wa wiki kumi. Ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, na sababu ya kumleta ilikuwa moja tu: wezi walikuwa wameuruka ua wetu mara mbili, na mara ya pili wakaondoka na mbuzi. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wa mwambao huu, na mbwa wa ulinzi sheria inamruhusu. Alijengewa kibanda chake uani, akapewa ruhusa ya kulala barazani, lakini si kuingia sebuleni. Kufikia Februari alikuwa ameshajua kwamba haja hufanyiwa nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, nasi tukajisifu kwamba kazi imekwisha.

Mwezi wa Mei, alipotimiza miezi saba, mambo yakaharibika. Alianza kukojoa kwenye miguu ya benchi la barazani na ubavuni mwa mtungi wa maji. Mlango ukiachwa wazi aliingia ndani na kuacha kidimbwi nyuma ya kochi. Alitafuna jozi mbili za makubadhi. Na kila mgeni aliyebisha hodi alirukiwa kifuani kwa mdomo uliojaa mate. Asiyeishi katika nyumba kama yetu huenda asione uzito wa hilo la mwisho. Mate na mkojo wa mbwa kwetu ni najisi nzito, ambayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Najisi hiyo haivunji udhu, kinyume na wanavyodhani wengi, lakini nguo iliyolowa mate ya mbwa haisaliwi, na mama mkwe wangu husalia hapo hapo barazani siku za joto. Baada ya kubadilisha nguo mara mbili katika adhuhuri moja, alitamka kwamba nyumba hii haiwatoshi yeye na mbwa.

Ndipo nilipoulizia kwenye duka la dawa za mifugo mjini, nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa upande wa Kakuyuni anayefunza mbwa kwa kuzuru nyumba za watu. Hana ofisi wala bango, na ameniomba nisitangaze jina lake wala nambari yake ya simu. Hata hivyo, anayemtaka akiulizia kwenye maduka hayo hatamkosa. Ada yake ilikuwa Sh 1,500 kwa kila ziara ya takriban saa moja, ziara 2 kwa wiki kwa muda wa wiki 4, yaani Sh 12,000 kwa jumla, nusu ikitangulizwa kwa M-Pesa.

Ziara ya kwanza ilinishangaza, kwa kuwa karibu saa nzima ilipita bila yeye kumgusa mbwa. Alitaka kwanza kuiona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ile chanjo inayodungwa mara ya kwanza mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, akasema wazi kwamba bila kadi asingeendelea, na kwa hilo nilimhesabia jema. Kisha alizunguka baraza na sebule akiinamia pembe za kuta kama mtu aliyedondosha pete, akaomba daftari, akaanza kuuliza saa za kila jambo: mbwa hula saa ngapi, nani humtoa, watu huamka lini, nani hubaki nyumbani. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando akijifanya hasikii, hakuvumilia.

“Mwanangu,” alimwuliza, “umekuja kumfunza mbwa au kutupeleleza sisi?”

“Nisamehe, bibi,” akajibu. “Huyu mbwa hajasahau kitu. Nataka kujua mwezi wa tano nyumba hii ilibadilika nini.”

Jibu, tulipolitafuta, lilikuwa na sehemu tatu, na sioni haya kukiri kwamba hakuna hata moja niliyokuwa nimeifikiria. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Mimi ni mwalimu, na kuanzia siku hiyo mimi na watoto tulikuwa tukiondoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hivyo mbwa aliyezoea kutolewa na kulishwa mapema akawa anangoja hadi msaidizi wetu afike saa mbili. Mvua za masika, ambazo huku pwani huwa nzito zaidi Mei, zilikuwa zimeligeuza eneo la mwarobaini kuwa tope, na Askari ni mbwa anayechukia kulowa. La tatu lilikuwa umri wenyewe. Kuanzia miezi sita hivi mbwa dume huingia ubarobaro: huanza kuinua mguu, huvutwa na harufu za mbwa wengine, na huonekana kana kwamba amesahau maneno aliyoyajua vizuri miezi miwili nyuma.

Hapo alitueleza tofauti ambayo, kwa maoni yangu, peke yake ilistahili nusu ya ada. Kidimbwi kikubwa nyuma ya kochi ni cha mbwa ambaye kibofu kimejaa na hakupata nafasi ya kutoka. Matone machache yaliyorushwa kwenye mguu wa benchi au kwenye mtungi ni alama, naye huiweka hata kama ametoka kukojoa dakika tano zilizopita. La kwanza hutibiwa kwa ratiba. La pili hutibiwa kwa kuondoa harufu, kumzuia asifike mahali pale bila kuangaliwa, na kumkatiza kwa sauti ya kawaida pale pale anapoanza kunusa na kuzunguka. Sisi tulikuwa tukiyashughulikia yote mawili kwa kandambili.

Kuhusu kandambili hakutuficha lolote. Mbwa anayechapwa dakika kumi baada ya tendo hahusishi kipigo na mkojo. Anakihusisha na mtu aliyesimama mbele yake, na anachojifunza ni kutokojoa mtu huyo akimwona. Ndiyo maana Askari alikuwa ameanza kwenda nyuma ya kochi. Vivyo hivyo kwa ile desturi ya kumsugua mbwa pua kwenye uchafu wake, ambayo jirani yetu aliisifu sana na ambayo, kwa aibu yangu, tuliijaribu mara moja.

Ratiba aliyoiandika ilikuwa rahisi kuisoma na ngumu kuitekeleza. Mbwa hutolewa mara tu anapoamka, kati ya robo saa na nusu saa baada ya kula, baada ya kila usingizi, baada ya mchezo, na mwisho kabla ya watu kulala. Hutolewa kwa kamba, hadi mahali pamoja, huku anayemtoa akisimama kimya na kutamka neno moja tu, letu likiwa “haya”. Akimaliza, hupewa kipande cha ini la kuku lililochemshwa hapo hapo chini ya mti, katika sekunde ile ile. Kosa letu la miezi yote lilijitokeza hapa: mwanangu wa kiume alikuwa akimpa zawadi anaporudi mlangoni, na mbwa, ambaye si mjinga, alikuwa amejifunza kutoka mbio, kugeuka chini ya mvua na kurudi kudai ini lake akiwa bado na mkojo tumboni. Tulipohamisha zawadi kutoka mlangoni hadi mtini, mabadiliko yalionekana ndani ya siku nne. Kwa ajili ya mvua tulisimamisha kijipaa cha makuti juu ya nguzo za mvinje kando ya mwarobaini, kazi ya alasiri moja, na sikumbuki gharama nyingine iliyorudisha faida upesi namna hiyo.

Usafishaji nao ulihitaji kujifunza upya. Tulikuwa tukimwaga dawa nyeupe ya madoa (bleach) kila mahali, na sebule ikinuka kama bwawa la hoteli, ilhali sakafu ya saruji ina vinyweleo na mkeka wa mkindu hunywa kila kitu. Pua ya mwanadamu hudanganyika, ya mbwa haidanganyiki. Alituagiza kuosha kwa maji na sabuni, kukausha, kisha kupaka siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na kuiacha ikauke yenyewe, na mkeka ule mmoja akasema utolewe kabisa. Ninaongeza onyo ambalo yeye hakulitoa na alipaswa kulitoa: siki isikutane kamwe na dawa ya madoa, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na dawa hiyo hiyo ikimwagwa juu ya mkojo mwingi hutoa mvuke unaochoma macho na kifua. Ioshwe yote kwanza.

Katika suala la kuruka ndipo alipoonyesha kwamba anaielewa nyumba aliyoingia. Hakuleta mahubiri kwamba mbwa ni mmoja wa familia. Aliuliza mipaka yetu ni ipi, kisha akamfundisha Askari kukoma kwenye kizingiti cha mlango na kwenye ukingo wa ile sehemu ya baraza inayotandikwa mswala, kwa kumtembeza hadi hapo, kusimama, na kumzawadia kila aliporudi nyuma kwa hiari. Sisi nasi tulifundishwa kumgeuzia mgongo na kukunja mikono anaporuka, bila kupiga kelele wala kumsukuma, kwa kuwa kusukumwa kwake ni mchezo, na kumsemesha miguu yote minne ikiwa chini. Watoto walielewa kwa siku moja. Watu wazima, nikiwamo mimi, tulichukua wiki mbili. Wiki ya tatu mama mkwe alisali alasiri barazani huku mbwa amelala ng'ambo ya mstari, na ingawa hakusema neno, hakuomba pia mbwa aondolewe.

Kutafuna hakukuchukua muda mrefu. Meno yote 42 ya utu uzima yalikuwa yameshaota, hivyo hakikuwa tena kile kiwasho cha mtoto anayeota meno bali uchovu wa kukaa bure. Alipopewa mfupa mbichi mkubwa wa ng'ombe na karoti nzima, na makubadhi yakaanza kuwekwa juu ya rafu, tatizo likaisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa alikataza, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Mkufunzi huyu hachungi saa. Ziara mbili za wiki ya pili hazikufanyika kwa sababu ya mvua, na taarifa niliipata baada ya mimi kupiga simu. Alizifidia baadaye, lakini kwa mtu anayefundisha kwamba kila kitu ni ratiba, jambo hilo halikupendeza. Pia alipokuja kufanya mapatano alisema mbwa “atanyooka ndani ya mwezi”, ahadi ambayo mtu mwenye ujuzi wake angejua kwamba haitolewi kwa mbwa wa miezi minane, maana ubarobaro huu huweza kuendelea hadi mwaka mmoja na nusu.

Mawili mengine ni mazito zaidi. Hakuniambia kwamba mbwa aliyekuwa msafi na ghafla akaanza kukojoa ovyo apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, ilhali maambukizi ya kibofu huanza hivyo hivyo na hakuna ratiba inayoyatibu. Nilimpeleka mwenyewe, mkojo ukapimwa, ukaonekana safi. Kisha alishauri mbwa anyimwe maji kuanzia magharibi hadi asubuhi. Daktari alipinga, nami nilikubaliana naye mara moja; katika joto letu mnyama hafungiwi maji usiku kucha, na kulisogeza lishe la jioni mapema kulitosha. Kuhusu kuhasi, ambako mkufunzi alikusifu kama dawa ya alama zote, daktari alisema huenda kukapunguza lakini tabia iliyokwisha kuzoeleka haifutiki kwa kisu, na kwamba kwa mbwa wa umbo hili ni heri kungoja apite mwaka mmoja. Tunangoja.

Matembezi ndiyo sehemu dhaifu ya huduma yote. Mafunzo ya kamba yalipewa ziara moja na nusu tu: mbwa akivuta, simama, kamba ikilegea, endelea. Hutoa matunda kwenye kichochoro kitupu saa kumi na mbili asubuhi, kabla mchanga haujapata moto. Ufuoni, penye mbwa koko, au barabarani bodaboda ikipita, Askari bado huning'oa bega.

Niliweka hesabu katika daftari lile lile la kwanza. Wiki iliyotangulia mafunzo, haja zilizofanywa mahali pasipofaa zilikuwa 11; wiki ya nne zilikuwa 2, zote zikiwa alama kwenye mtungi; na katika wiki sita zilizofuata imetokea 1, siku ambayo mgeni alikuja na mbwa wake jike. Kwa nyumba ambayo ina angalau mtu mmoja anayeweza kuifuata ratiba kila siku, Sh 12,000 ni thamani halali. Kwa nyumba inayokaa tupu kuanzia asubuhi hadi magharibi sitamshauri mtu atoe hata nusu ya fedha hizo, kwa sababu jumla ya saa nane za mkufunzi katika wiki nne hazimtoi mbwa nje saa sita mchana. Ningempa nyota nne kati ya tano kwa baraza na mbili kwa barabara, na mwezi ujao anarudi kwa ziara mbili za bodaboda peke yake, safari hii nikilipa baada ya kazi.